Nilimwachia Tai Mbwa wa Mama Mkwe Wangu

Acheni nianze na ubaya wenyewe, kwa sababu nikianza na sababu nitajitetea mpaka nionekane mzuri. Nilimtoa mbwa wa mama mkwe wangu kwenye kibanda chake, nikamweka mahali peupe ili tai amchukue. Tai akaja. Halafu nikamwambia mama mkwe kwamba ni yeye aliyesahau kufunga mlango.

Hilo la mwisho ndilo limenileta hapa. Lile la mbwa peke yake pengine ningezeeka nalo.

Jina langu sitaji. Sisi ni watu wa karibu na Kaplong, tuna chai kidogo na ng'ombe wa maziwa, na ukipita barabarani boma letu utaliona kama boma lingine lolote. Mama mkwe ana nyumba yake hapo hapo, mimi na mume wangu na watoto tuna yetu, katikati ni nyasi. Watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya. Mimi namwita Mama.

Baba mkwe alipofariki, wifi yangu anayefanya kazi Nairobi alimletea mama yake mbwa. Si mbwa wa kulinda boma, hapana. Kambwa kadogo, keupe, manyoya tele na miguu mifupi, unaweza kukabeba ndani ya kikapu cha chai na bado ukapata nafasi ya majani. Ati kamtoe upweke. Mama akamwita Chifu, kwa sababu alibwekea kila mtu aliyeingia langoni, awe mzee, awe pasta.

Sasa, huku kwetu ukiwa na mnyama wa ukubwa huo, adui anatoka juu. Kuna tai anayekaa kwenye miti ya blugamu kule ukingoni mwa mto. Ni ndege mkubwa, ana kishungi kichwani na kifua cha madoadoa, na akiwinda hutamsikia. Alikuwa ameshakula kuku wa kila boma, na jirani yetu alipoteza mwana-mbuzi mchana mweupe, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo na jembe mkononi.

Mama alijua hayo yote. Alimwambia mume wangu ajenge kibanda cha waya ya kuku karibu na mlango wake, na si pembeni tu, hata juu kufunikwe kwa waya. Mlango ulifungwa kwa ndoano ya chuma. Nje ya hicho kibanda Chifu hakwenda peke yake hata kukojoa. Lazima mtu amfuate na mwavuli umefunguliwa, kwa maana Mama alisema tai akiangalia kutoka juu ataona mwavuli, hataona mbwa. Na alikuwa sawa, tai hakuwahi kumgusa.

Mtu wa mwavuli, mara nyingi, alikuwa mimi.

Wanawake wanaochuma chai kwenye shamba la jirani waliniona kila asubuhi nikitembea nyuma ya kale kambwa, nimekainamia na mwavuli kama ninamsindikiza bwana arusi. Mmoja akanipigia kelele kutoka kwa mistari ya chai, "Mama, na mtoto wako mvua ikinyesha anafunikwa na nani?" Wenzake wakacheka. Nikacheka pia. Ningefanya nini?

Lakini si hao walionifikisha pale. Ni maziwa.

Siku moja mama yangu mzazi alikuja kutoka Ndanai kunitembelea. Si mtu wa kutembea sana, magoti yanamsumbua. Alikuwa ameleta unga wa wimbi aliousaga mwenyewe, na alikuwa amevaa lile gauni la kanisani. Mama mkwe akamkaribisha vizuri, akamketisha kwake, akanituma nitengeneze chai. Mtungi wa maziwa ulikuwa umeshapelekwa kwa wanunuzi, yamebaki ya kwenye sufuria ndogo tu. Nikaishika.

Mama mkwe akasema, bila hata kugeuza kichwa, "Hiyo ya sufuria ndogo ni ya Chifu. Hiyo usiguse."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikampa mama yangu turungi. Katika boma lenye ng'ombe, mama yangu mzazi alikunywa chai nyeusi, na mbwa akawekewa maziwa kwenye sahani mbele yake. Mama yangu akanywa turungi yote, akasema asante. Nilipomsindikiza barabarani hakulitaja hata kidogo, akaniambia tu niwe nikila vizuri, nimekonda.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Ningemwambia mama mkwe, "Mama, umeniaibisha," labda tungekosana, tungepatana, maisha yaendelee. Sikusema. Nilirudi nikaosha ile sahani ya mbwa, na nikiwa naiosha nikajua nitakachofanya.

Niliingoja siku ya jua. Tai huyo hapendi kuwinda kwenye ukungu na mvua. Anasubiri asubuhi iwake kidogo, ndipo utamwona amehama kutoka blugamu za mto, amekaa kwenye ule mti mrefu ulio mwisho wa malisho yetu. Siku hiyo nilimwona ametulia hapo. Mama alikuwa amecheza na Chifu mlangoni, akamrudisha kwenye kibanda, akafunga ndoano. Nilimwona akifunga. Nataka mlielewe hili. Nilimwona kwa macho yangu akifunga, na akaivuta ndoano mara ya pili kuhakikisha, kama kawaida yake. Kisha akaingia ndani kupumzika.

Nikafungua. Nikambeba Chifu kwapani, akafurahi, alizoea nikimtoa. Nikampeleka mpaka katikati ya malisho ambapo ng'ombe walikuwa wameshakula nyasi zote zikabaki fupi. Nilikuwa na kipande cha mafuta ya nyama mkononi. Nikakirusha mbali na ua. Chifu akakimbilia, mkia ukicheza.

Nikachukua kikapu, nikaingia kwenye chai yetu. Nikachuma. Mikono inachuma, macho yako kule.

Sikuona alivyoshuka. Niliinama kidogo, nilipoinua uso alikuwa ameshafika. Mbwa alilia kilio kimoja kirefu, kama mtoto aliyechomwa na uji. Tai alikuwa amesimama juu yake, mabawa yameenea chini kama mtu aliyefunika kitu kwa shuka, halafu akainamisha kichwa akaanza kula. Chifu alikuwa bado hai. Nilikuwa naona miguu yake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nisidanganye. Nilijisemea, "Haya, sasa kunywa maziwa."

Mama akatoka na fimbo. Yule mama ana miaka mingi na hakuna aliyekuwa amemwona akikimbia, lakini siku hiyo alikimbia, kitambaa cha kichwa kikaanguka, akawa anapiga kelele kwa Kipsigis akimwita marehemu mumewe. Nikaona nikikaa kwenye chai nitaulizwa, nikakimbia pia. Mimi ndiye niliyefika kwanza. Tai akaruka bila haraka, akatua si mbali, akawa anatuangalia.

Mgongo wa Chifu ulikuwa wazi. Sitasema zaidi. Lakini alijikokota. Hakujikokota kwenda kwa Mama aliyekuwa anamwita. Alikuja kwangu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado na harufu ya ile nyama. Akaulamba. Akafa akiulamba.

Mama akaketi chini kwenye nyasi, akamweka kwenye mapaja, damu ikajaa kwenye sketi yake. Hakulia mara moja. Aliuliza tu, "Nani amefungua?"

Jibu lilitoka kama lililokuwa limengoja mdomoni. "Mama, si ni wewe ulikuwa naye asubuhi? Labda umesahau kufunga."

"Nilifunga."

"Ulifunga jana, Mama."

Akaangalia mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufunga. Akasema polepole, "Nilifunga." Lakini safari hii alikuwa ananiuliza.

"Hata vijana wanasahau," nikamwambia, na nikamshika bega.

Ningeachia hapo bado ningekuwa mwovu, lakini mwovu wa siku moja. Uongo ukishauzaa lazima uunyonyeshe. Mume wangu alikuja jioni, akazika mbwa, akakagua ndoano. Akaniambia, "Mama hawezi kusahau hii. Mama anakumbuka ng'ombe mpaka nyanya wa ng'ombe." Nikaogopa. Nikaona ni lazima Mama aonekane mtu wa kusahau.

Nikaanza kumsaidia kusahau. Miwani yake nikiikuta mezani naiweka juu ya kabati, halafu namtafutia, namletea mbele ya watu. "Mama, ulikuwa umeiweka kwa kabati." Akitia chumvi kwenye mboga, nami naongeza, wakati wa kula watoto wanakunja uso. "Kogo ametia mara mbili." Nikimkuta anapika maziwa naongeza kuni akigeuka, yanafurika. Vitu vidogo hivyo. Hakuna mtu anayeweza kukushtaki kwa chumvi.

Kila mara alikuwa ananiomba msamaha. Yule mama aliyekuwa anaongea na mimi bila kugeuza kichwa, sasa ananiomba msamaha, na mimi nasema, "Hakuna neno, Mama, ni umri." Nilikuwa nasikia nimeshinda.

Wifi yangu akaja kutoka Nairobi. Nilimwelezea yote nikiwa na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Akakaa na kaka yake, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha wakamwita mama yao kwenye kiti.

"Mama, usikaribie jiko tena," wifi akasema. "Utatuchomea nyumba. Na ng'ombe, wachia hawa."

Mama alikuwa mkamuaji anayejulikana. Ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na kila mtu aliletwa kwake, akamkamua huku anamwimbia. Alimwangalia binti yake, akaniangalia mimi, akasema, "Ni sawa. Mimi sijiamini sasa." Akavua funguo za stoo shingoni, akanipa.

Nilizipokea kwa mikono miwili, vile tunapokea kitu kutoka kwa mkubwa.

Baada ya hapo alianza jambo ambalo mpaka leo nikilala naliona. Kila asubuhi anatoka, anakwenda kwenye kile kibanda kitupu, anafungua mlango, anafunga ndoano, anaivuta. Anatembea hatua chache, anasimama, anarudi kuangalia kama amefunga. Amefunga. Anafungua tena. Siku moja nilipita na ndoo ya maji akaniita.

"Njoo uangalie. Nimefunga?"

"Umefunga, Mama."

"Una uhakika?"

Nikasema nina uhakika. Akasema, "Basi siku ile mkono wangu ulienda wapi?"

Nilipita na maji yangu.

Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameanza tu kutembea wakati huo. Tangu azaliwe, mimi nikienda kuchuma majani anabaki na Kogo wake. Analala kwake, anakula kwake, neno lake la kwanza lilikuwa Kogo, halikuwa mama. Asubuhi moja nikampeleka kama kawaida. Mama akasimama mlangoni, hakunyoosha mikono.

"Usiniachie huyo," akasema.

"Kwa nini, Mama? Naenda tu hapa kwa chai."

"Mimi si mtu wa kuachiwa kitu chenye roho. Nikisahau yeye pia?" Akaangalia ule mti mrefu. "Ndege yuko hapo bado. Nenda na mtoto wako."

Akaingia, akafunga mlango. Mtoto akaugonga kwa viganja, "Kogo, Kogo," analia mpaka kamasi inaingia mdomoni. Ndani kulikuwa kimya, lakini nilijua amesimama nyuma ya mlango, kwa sababu nilikuwa naona vidole vya miguu yake chini ya mbao. Hakufungua. Mtoto aligonga siku nyingi. Halafu akaacha kugonga, na sasa anapita pale kama anapita nyumba ya mgeni.

Ni hapo nilivunjika. Si siku ya mbwa, si siku ya funguo. Siku mtoto alipoacha kugonga.

Nikaenda kwa Mama mchana, nikapiga magoti kwenye sakafu yake. Nikamwambia. Nilimwambia yote, ndoano, malisho, mafuta ya nyama, miwani, chumvi. Sikuficha kitu. Nilitarajia anipige. Nilitaka anipige, anifukuze nirudi kwetu Ndanai na nguo nilizovaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Mtoto wangu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo tangu niolewe. "Unataka kubeba mzigo wangu."

"Mama, hapana. Ni mimi. Ni ukweli."

"Unaona vile nateseka, unasema wacha niseme ni mimi, huyu mzee apate kulala." Alikuwa analia, lakini kwa furaha. "Nilikudharau bure. Mungu amenipa binti."

"Mama, nisikilize! Nilifungua mimi kwa mkono huu."

"Sasa kwa nini mtu kama wewe ataua mbwa?"

Nikasema, "Kwa sababu ya maziwa, Mama. Siku ile mama yangu alikuja, ukanikataza maziwa, akanywa turungi na Chifu akapewa."

Akafikiri. Alifikiri sana, nilimwona akitafuta.

"Mama yako alikuja hapa?" akaniuliza. "Lini?"

Sijui. Mpaka leo sijui. Labda siku ile hakuona alichofanya, kwake kilikuwa kitu kidogo, akakisahau kama tunavyosahau wote. Au labda nilipoanza kumwambia anasahau, kichwa chake kilitii. Kosa nililokuwa nalipizia, mwenyewe hakuwa nalo tena kichwani. Nilibaki hapo nimepiga magoti mbele ya mtu ambaye hawezi kunisamehe, kwa sababu hajui nimemkosea.

Nilimwambia mume wangu. Yeye aliniamini mara moja. Hakupaza sauti, hakunigusa. Alisema, "Usimwambie dada yangu, atakuua." Tangu siku hiyo hali chakula nilichopika. Anakula kwa mama yake, anajipikia mwenyewe kwenye jiko la Mama, wanakula wawili. Watoto wanauliza kwa nini, anawaambia Kogo anapenda kampani.

Jumapili iliyofuata Mama alisimama katika ushirika wa kina mama. Siku hizi hasimami, anaogopa kusahau maneno, lakini alisimama. Akawaambia kwamba mke wa mwanawe alikuwa tayari kujisingizia dhambi ili kumpunguzia uchungu mzee. Akasema wanawake vijana waje wajifunze kwangu. Wakapiga makofi. Mmoja wao ni yule aliyenicheka nikiwa na mwavuli. Akanikumbatia nje ya kanisa, akaniambia nina moyo wa pekee.

Na bado kila asubuhi nasikia ile ndoano ikifungwa, ikifunguliwa, ikifungwa.

Kwa hivyo wewe unayenisoma, kama una mbwa mdogo na unaishi karibu na miti mirefu, usimwache nje peke yake hata ukienda tu kuzima jiko. Mfunike juu, si pembeni tu. Tembea naye, na watu wakicheka, wacha wacheke. Ndege mwenyewe sina neno naye. Alikuwa na njaa, alishiba, akaenda.

Na kama kuna mtu kwenu amekuudhi, mwambie usoni. Gombana naye, rudi kwenu ukae mwezi, walete wazee. Yote hayo yana mwisho. Lakini usije ukamwambia mtu kwamba amesahau kitu ambacho hakusahau.

Atakuamini.